Kuchagua chuo cha shahada ya kwanza ya astrofizikia: mwongozo kamili kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki

Kila msimu wa matokeo, vijana wenye fizikia nzuri hukwama pale pale. Wapo wanaochukua orodha ya vyuo bora duniani, wakaomba vitano vya juu, kisha wakakataliwa vyote au wakakubaliwa mahali ambapo ada yake ukoo mzima hauwezi kuilipa. Wapo pia wanaojiunga na kozi yoyote yenye neno "anga" kwenye jina lake. Hawa hugundua mwaka wa tatu kwamba hawajasoma mekanika ya kwanta ya kutosha, na hakuna programu ya uzamili itakayowapokea.

Makundi yote mawili yamesahau kitu kimoja. Shahada ya kwanza ya astrofizikia ni shahada ya fizikia, yenye masomo machache ya nyota juu yake. Unachotafuta ni idara itakayokufanya mwanafizikia kamili na kukupa utafiti halisi mkononi kabla hujahitimu, kwa pesa ambayo ipo kweli. Hatua zote zilizo hapa chini zimejengwa juu ya hilo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Matokeo yako, au makadirio ya mwalimu kama bado hujafanya mtihani. Kwa Tanzania tahasusi inayofungua milango mingi ni PCM (fizikia, kemia na hisabati). PGM (fizikia, jiografia na hisabati) nayo inafaa, lakini tazama masharti ya kila chuo. Kwa Kenya, fizikia na hisabati za KCSE ndizo zitakazoangaliwa kwanza.
- Bajeti iliyoandikwa, si ya kukisia: familia inaweza kutoa shilingi ngapi kwa mwaka, kwa miaka minne mfululizo.
- Jedwali, kwenye kompyuta au kwenye daftari la kaunta. Kila chuo kiwe na mstari wake.
- Pasipoti, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule vyenye jina moja, herufi kwa herufi. Tofauti ya "Mohamed" na "Mohammed" imewachelewesha watu viza. Irekebishe sasa.
- Walimu wawili, wa fizikia na wa hisabati, wanaokufahamu vya kutosha kukuandikia barua.
- Muda. Kwa vyuo vya ndani miezi mitatu inatosha. Kwa nje ya nchi anza mwaka mmoja na nusu kabla.

## Hatua ya 1: Jipime kama unataka fizikia au unapenda nyota tu

Kupenda nyota si kosa, na mtu anaweza kuzitazama maisha yake yote huku akiwa daktari au mhasibu. Miaka minne ya shahada hii, hata hivyo, utaitumia zaidi mezani ukikokotoa kuliko nje ukitazama juu.

Fanya majaribio mawili.

La kwanza: fungua somo la Fizikia ya Kwanza la MIT, namba 8.01, kwenye OpenCourseWare, tovuti ya chuo hicho ya masomo ya wazi. Ni bure. Fanya maswali yao kwa mwezi mzima bila kutazama majibu. Alama zako si hoja. Angalia unavyojisikia baada ya kukwama kwenye swali moja kwa saa mbili.

La pili: jifunze Python ya kuanzia, lugha ya kuandikia programu, kisha ingia kwenye hifadhi ya data ya Gaia, chombo cha Ulaya kilichorushwa mwaka 2013. Toleo lake la tatu, la Juni 2022, lina vipimo vya nyota takriban bilioni 1.8 na yeyote anaweza kuvipakua. Chukua nyota zilizo eneo la Kilimia (Pleiades) na uchore mwangaza wake dhidi ya rangi yake. Mchoro huo, uitwao wa Hertzsprung-Russell, ndio mlango ambao kila mwanaastrofizikia amepitia.

Ukimaliza mwezi na bado unataka kuendelea, songa mbele. Ukiona mchoro ulikufurahisha ila maswali ya 8.01 yalikuchosha kabisa, fikiria sayansi ya data au uhandisi. Ni afadhali kujua hilo sasa kuliko muhula wa tano.

## Hatua ya 2: Anza na pesa, kisha vyuo

Watu wengi huifanya hatua hii mwisho, na ndiyo maana barua za kukubaliwa huishia kabatini.

Kaa na mzazi au mlezi. Andikeni kiasi cha mwaka, kisha gaweni vyuo mafungu matatu: mnavyoweza kulipia wenyewe, mnavyoweza kwa mkopo au ruzuku ya serikali, na visivyowezekana bila ufadhili kamili. Mikopo ya HESLB kwa Tanzania na HELB kwa Kenya imekusudiwa hasa wanaosoma vyuo vya ndani, kwa hiyo usiihesabu kwenye bajeti ya kwenda ng'ambo.

Hapo mezani litaulizwa swali: "Ukimaliza utafanya kazi wapi?" Usilikwepe. Wahitimu wengi wa fizikia hawaishii kwenye kituo cha kutazamia nyota. Huenda kwenye uchambuzi wa data, benki, kampuni za simu, hali ya hewa, ualimu. Shahada yenye fizikia imara na uandishi wa programu inaajirika, ila yenye masomo mepesi ya anga peke yake haiajiriki. Mzee akielewa hivyo, nusu ya vita imekwisha.

Jihadhari na mawakala wa vyuo vya nje. Wengi hulipwa na chuo kwa kila mwanafunzi wanayempeleka, kwa hiyo chuo wanachokusifia ni kile kinachowalipa. Sikiliza, shukuru, kisha hakiki mwenyewe.

Umefaulu hatua hii ukiwa na namba moja iliyoandikwa na kukubaliwa na anayelipa.

## Hatua ya 3: Chagua njia mbili au tatu, si dunia nzima

Nyumbani. Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya sayansi ya astronomia na astrofizikia, ya miaka minne, inayoombwa kupitia KUCCPS, mfumo wa Kenya wa kuwapanga wanafunzi vyuoni. Kwa Tanzania njia ya kawaida ni shahada ya sayansi yenye fizikia na hisabati, UDSM au UDOM kwa mfano, kisha astrofizikia kwenye uzamili.

Hapa pana mtego. Shahada ya sayansi na ualimu ina heshima yake na ajira yake, lakini sehemu kubwa ya muda wake ni masomo ya elimu, hivyo fizikia ya juu hupungua. Ukipangiwa hiyo, hesabu kwanza ni masomo mangapi ya fizikia utakayokuwa nayo mwishoni.

Usiidharau njia ya nyumbani. ICTP-EAIFR, taasisi ya utafiti wa fizikia iliyofunguliwa Kigali mwaka 2018, inafundisha uzamili wa fizikia. Mradi wa DARA umekuwa ukiwafunza wahitimu astronomia ya redio katika nchi washirika wa SKA, mradi wa kimataifa wa darubini kubwa ya redio, na Kenya ni mojawapo. Shahada nzuri ya fizikia ya hapa inafungua milango hiyo bila deni la miaka ishirini.

Afrika Kusini. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia inayosahaulika zaidi, na kwa Mtanzania au Mkongomani ndiyo yenye hesabu nzuri kuliko zote. MeerKAT, darubini ya redio yenye madishi 64, iko Karoo, na SALT, darubini ya mwanga yenye kioo cha upana wa takriban mita 11, iko Sutherland. Chuo Kikuu cha Cape Town (UCT) kinafundisha astrofizikia katika shahada ya kwanza. Baada yake ipo programu ya kitaifa ya NASSP, iliyoanza mwaka 2003, inayopokea wanafunzi kutoka kote Afrika kwa mwaka wa honazi na uzamili.

Kuna na suala la karo. Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni wanachama wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na vyuo kadhaa vya Afrika Kusini, UCT ikiwamo, vimekuwa vikiwatoza wanafunzi wa SADC karo ya masomo kama wenyeji, pamoja na ada ya ziada ya wanafunzi wa kigeni. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi hazimo SADC. Andikia ofisi ya wanafunzi wa kimataifa wakupe kiwango cha mwaka unaoingia, kwa maandishi.

Kumbuka mambo mawili: shahada ya sayansi kule ni miaka mitatu, honazi ni mwaka wa nne unaoombwa upya, na mwaka wa masomo huanza Februari. Uliza pia kuhusu cheti cha "exemption" kinachotolewa na USAf, umoja wa vyuo vikuu vya Afrika Kusini, kwa kuwa cheti chako cha sekondari lazima kitambuliwe kwanza.

Uingereza. Maombi hupitia UCAS, na una nafasi tano tu. Oxford na Cambridge hufunga 15 Oktoba, na huruhusiwi kuomba vyote viwili mwaka mmoja. Vingine vingi hufunga Januari. Shahada ni miaka mitatu, au minne yenye uzamili ndani yake. Mwenye KCSE kwa kawaida hutakiwa apite mwaka wa msingi kwanza, na gharama yake haionekani kwenye bei ya tangazo. Ufadhili wa shahada ya kwanza ni haba.

Marekani. Bei iliyoandikwa inatisha, lakini kuna vyuo ambavyo haviangalii uwezo wako wa kulipa vinapokuchagua, kisha vinafidia upungufu wote wa familia: Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst ni miongoni mwao, hata kwa mgeni. Ushindani ni mkali mno. Vyuo vingi vilivyobaki hutazama mfuko wako kabla ya kukubali.

Chukua tahadhari mbili. Kanuni za viza za Marekani hubadilika kwa amri ya rais na hutofautiana nchi kwa nchi, kwa hiyo hakiki hali ya pasipoti yako kabla hujalipia maombi. Pia, nafasi nyingi za utafiti wa likizo zinazolipwa na NSF, mfuko wa sayansi wa serikali ya Marekani, maarufu kwa jina la REU, ni za raia na wakaazi wa kudumu tu. Mgeni anahitaji chuo chenye pesa zake cha kumlipa afanye utafiti. MIT, kwa mfano, ina UROP, programu yake ya utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, na hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huruhusiwa.

Ujerumani. Vyuo vingi vya serikali havitozi karo, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg linalowatoza wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na vyuo vichache vilivyojiwekea ada zake. Lakini shahada ya kwanza ya fizikia kwa kawaida hufundishwa Kijerumani, na lazima uonyeshe pesa za kujikimu kabla ya viza. Kama huko tayari kusoma lugha mwaka mzima, pita.

## Hatua ya 4: Soma mtaala mstari kwa mstari

Hapa ndipo utakapojua chuo kipi ni kipi. Usisome ukurasa wa mbele wenye picha ya galaksi. Tafuta orodha ya masomo ya kila muhula.

Kwanza, lipuuze jina la shahada. Cambridge huwadahili wanafunzi kwa Sayansi Asilia, na astrofizikia huja kama chaguo la mwaka wa tatu. Oxford inakuingiza kwenye fizikia. Hakuna anayewauliza wahitimu wao kwa nini cheti hakikuandikwa "astrofizikia" tangu siku ya kwanza.

Kisha tafuta nguzo nne: mekanika, sumakuumeme, mekanika ya kwanta, na termodinamiki pamoja na fizikia ya takwimu. Kila moja iwe na somo la utangulizi na somo la juu. Mekanika ya kwanta iwe na mihula miwili. Ukikosa hata nguzo moja, futa chuo hicho, hata kama kina darubini mlimani.

Upande wa hisabati utake kalkulasi ya vigeu vingi, aljebra mstari na milinganyo ya diferenshali, vyote ndani ya miaka miwili ya kwanza. Vikichelewa hadi mwaka wa tatu, fizikia ya juu itakukuta huna zana zake.

Uandishi wa programu uwe somo la lazima. Siku hizi astrofizikia inafanyika kwenye kompyuta tangu data inapoingia hadi makala inapochapishwa, na idara inayokuachia ujifunze mwenyewe imebaki nyuma.

Mwisho ndipo uangalie astrofizikia yenyewe: muundo na mageuko ya nyota, galaksi, kosmolojia, mbinu za uangalizi. Matatu kati ya haya yanatosha. Chuo chenye masomo kumi ya anga na fizikia nyembamba kimegeuza mambo juu chini.

Sasa fanya ukaguzi ambao watu wachache huufanya. Linganisha kitabu cha mwongozo wa chuo na ratiba ya mitihani ya miaka miwili iliyopita, ambayo vyuo vingi huiweka wazi. Somo lililoandikwa kwenye mwongozo lakini halionekani kwenye ratiba yoyote ya mitihani halifundishwi. Pengine mhadhiri aliondoka, pengine wanafunzi hawakutimia. Kwako wewe ni yale yale.

Ukimaliza hatua hii jedwali lako liwe na safu ya nguzo nne, safu ya hisabati, safu ya programu na safu ya mradi wa mwaka wa mwisho, zote zimejazwa. Orodha iliyokuwa na vyuo ishirini kwa kawaida hubaki na saba au nane.

## Hatua ya 5: Tafuta watu, si darubini

Chuo kikikuonyesha picha ya kuba na darubini, uliza nani ameitumia mwaka huu. Darubini ndogo ya chuoni inafaa kufundishia, na ni furaha kuwa nayo, lakini utafiti mwingi leo hutumia data za vyombo vikubwa ambazo ziko wazi kwa wote. Mwanafunzi wa Dodoma anapakua nyota zile zile za Gaia anazopakua mwenzake wa Cambridge. Tofauti iko kwa anayewaongoza.

Ingia kwenye ADS, maktaba ya NASA ya machapisho ya astronomia. Ni bure. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika aff: ikifuatwa na jina la chuo ndani ya alama za nukuu, kisha ongeza year:2022-2025. Utaona makala ambazo watu wa chuo hicho wameshiriki kuziandika.

Wingi wa makala usikudanganye. Miradi mikubwa huweka mamia ya majina kwenye makala moja. Angalia zile ambazo jina la kwanza ni la mtu wa idara hiyo. Ukikuta watu watatu au wanne wanaoandika kila mwaka kwa jina la kwanza, hiyo ni idara hai. Ukikuta mmoja, jiulize itakuwaje akistaafu ukiwa mwaka wa pili.

Chunguza pia kama wanafunzi wa shahada ya kwanza hutajwa kama waandishi wenza au kwenye shukrani. Idara inayowaandika wanafunzi wake ndiyo itakayokuandikia barua nzito ya mapendekezo baadaye.

## Hatua ya 6: Andika barua pepe fupi, uliza maswali magumu

Mwandikie mratibu wa shahada, si mkuu wa chuo. Sentensi mbili za kujitambulisha zinatosha, kisha uliza:

1. Katika wahitimu wa mwaka jana, wangapi walikwenda uzamili wa fizikia au astronomia, na wapi?
2. Mradi wa mwaka wa mwisho ni wa lazima? Nani anausimamia?
3. Mwanafunzi wa kigeni anaweza kulipwa kufanya utafiti wakati wa likizo?
4. Masomo ya juu ya fizikia hufundishwa kila mwaka, au kwa kupokezana?

Subiri wiki mbili, kumbusha mara moja. Jibu la jumla jumla lisilogusa swali la kwanza nalo ni jibu. Mratibu akikuunganisha na mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mshukuru na umuulize yule mwanafunzi moja kwa moja, kwa simu ya WhatsApp: mhadhiri gani hupatikana, nani haonekani, mabweni yakoje. Atakwambia yasiyoandikwa popote.

## Hatua ya 7: Panga orodha ya mwisho

Vyuo sita vinatosha kwa aliye makini: viwili vya ndoto, viwili unavyotimiza vigezo bila wasiwasi, na viwili vya nyumbani ambavyo familia inaweza kulipia hata ufadhili ukikosekana. Hivyo viwili vya mwisho ni vya lazima. Dirisha la udahili la TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) au la KUCCPS lisikupite kwa sababu unasubiri majibu ya Marekani.

Kwa Marekani, usiombe kwa mpango wa mapema unaokufunga kama bado unahitaji kulinganisha misaada ya vyuo tofauti. Ukikubaliwa kwa mpango huo unatarajiwa kwenda. Andika kila tarehe ya mwisho kwa saa za Afrika Mashariki na jiwekee yako siku kumi kabla yake, maana mtandao wa chuo huelemewa usiku wa mwisho na umeme nao una siku zake.

Wape walimu wako orodha hii wiki sita kabla, pamoja na mchoro wako wa Kilimia na maswali ya 8.01 uliyoyafanya. Barua inayosema "alichakata data za Gaia peke yake" inasomeka kuliko "ni mtiifu na mwenye bidii".

## Hatua ya 8: Hakiki kabla ya kusema ndiyo

Barua ya kukubaliwa ikifika, soma masharti ya ufadhili kuliko pongezi. Je, ni wa miaka yote au wa mwaka wa kwanza? Unahitaji wastani gani kuubakiza? Ufadhili huo unagharamia bima, tiketi na miezi ya likizo?

Kama chuo ni cha nje, thibitisha kwa mamlaka ya elimu ya juu ya nchi yako, TCU kwa Tanzania, kwamba kinatambuliwa, kabla ya kulipa chochote. Shahada isiyotambuliwa nyumbani itakusumbua siku utakapoomba kazi serikalini.

Weka nakala ya kila karatasi sehemu mbili, simu isiwe mojawapo. Kisha lipa amana ya nafasi yako kupitia akaunti iliyoandikwa kwenye barua rasmi ya chuo, baada ya kupiga simu ofisi ya fedha kwa namba uliyoitoa kwenye tovuti yao, si ile uliyotumiwa na mtu.